Kwa nini bodaboda huinua gurudumu la mbele Kinakomba

PIKIPIKI iliyobeba mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yake gunia la mahindi lililokazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, inapoanza kupanda ukingo wa Mto Tana kutoka kivukoni, watu walio karibu huacha mazungumzo na kutazama.

Wanajua kinachoweza kutokea. Gurudumu la mbele hucheza kidogo kushoto na kulia, huwa jepesi, kisha huondoka ardhini kana kwamba kuna mkono unaolivuta juu. Mhudumu asipowahi kukata mafuta, pikipiki husimama wima na kuwamwaga wote, na mtoto aliye mgongoni ndiye hutangulia kugusa ardhi.

Kisa kama hicho kinapotokea Kinakomba, katika eneo bunge la Galole, Kaunti ya Tana River, lawama huwa nyingi. Kuna wanaolaumu ujana wa mhudumu na wanaolaumu ukubwa wa gunia. Kila upande una sehemu ya ukweli. Hata hivyo, jibu kamili limo katika jambo ambalo ni nadra kuzungumziwa: si uzito wa mzigo peke yake unaoinua gurudumu, bali pia mahali mzigo huo ulipowekwa.

Kinakomba, jina ambalo pia ni la mojawapo ya makundi ya jamii ya Wapokomo, iko kusini mwa mji wa Hola katika njia ya kuelekea Garsen. Wakulima wake hutegemea mashamba ya kando ya mto, yenye mahindi, ndizi, mpunga na hasa maembe, huku wafugaji wa jamii za Waorma na Wawardei wakileta mifugo na maziwa kutoka nyanda kavu zilizo mbali na maji. Mazao hayo yote, pamoja na wanaoyauza, lazima yafike sokoni Hola, Garsen au Malindi.

Kwa miaka mingi safari ya kutoka shambani hadi barabarani ilikuwa ya miguu, ya mtumbwi, ya punda au ya baiskeli. Neno bodaboda lenyewe lilianzia kwenye baiskeli zilizovusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia miaka ya 1960. Pikipiki zilienea kwa kasi nchini baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoziondolea ushuru wa VAT zile zenye injini ndogo, na muda si muda vijiji ambavyo matatu haikuwahi kufika vikawa na usafiri.

Ndiyo maana ni vigumu kumlaumu mkazi anayepanda pikipiki pamoja na gunia lake. Mama anayekwenda kujifungua katika hospitali ya rufaa iliyoko Hola, mwanafunzi anayerudi shuleni na sanduku, na mchuuzi wa maembe, wote husafiri kwa chombo hicho kimoja. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalipokata barabara katika kaunti hiyo, safari nyingi ziligawanyika vipande: pikipiki hadi kwenye maji, boti, kisha pikipiki nyingine ng'ambo. Na kila penye kivuko pana ukingo wa kupanda.

Atakaye kuelewa kinachoinua gurudumu na autazame kwanza mkokoteni wa punda. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa mbele sana, miti yake humlemea mnyama shingoni. Ukipakiwa nyuma sana, miti hiyo huinuka, na punda akabaki akining'inia kwenye hatamu zake huku kwato zikitafuta ardhi. Mpakiaji mwenye uzoefu huhakikisha mzigo umekaa juu ya magurudumu, kisha akauvuta mbele kidogo.

Pikipiki nayo hufuata kanuni hiyo hiyo ya wenzo inayofundishwa shuleni. Egemeo lake ni pale gurudumu la nyuma linapokanyaga ardhi, chini kabisa ya ekseli, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Kila kilo iliyo mbele ya mstari huo hulikandamiza gurudumu la mbele. Kila kilo iliyo nyuma yake hulinyanyua. Na kadiri kilo hiyo inavyokaa mbali na mstari, ndivyo nguvu yake inavyoongezeka, kama mtoto mwembamba anayeweza kumwinua mwenzake mnene kwenye pembea kwa kusogea hadi mwisho wa ubao.

Hesabu ya makadirio inaweza kulifafanua jambo hili zaidi. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda huwa na uzito wa kilo 110 hivi, na umbali wa sentimita 125 hivi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ikiwa tupu, karibu kilo 50 za uzito wake hukaa kwenye gurudumu la mbele. Mhudumu wa kilo 65 akiketi sentimita 45 mbele ya ekseli ya nyuma huongeza kilo 23 hapo mbele. Abiria wa uzito kama huo, ambaye makalio yake yako karibu juu ya ekseli yenyewe, huongeza kilo 5 tu. Jumla ni kilo 78 zinazolishikilia gurudumu la mbele chini. Pikipiki hiyo ni salama na usukani wake una uzito wa kutosha.

Sasa gunia la mahindi la kilo 90 lifungwe kwenye keria, sentimita 45 nyuma ya ekseli. Gunia hilo haliongezi kitu mbele. Badala yake linaondoa kilo 32. Pikipiki yote sasa ina uzito wa kilo 330, lakini gurudumu la mbele limebakiwa na kilo 46 pekee, pungufu ya zile lilizokuwa nazo pikipiki ikiwa tupu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanapoiona imelemewa na imekaa kwa uzito, huamini imetulia barabarani, ilhali uzito wote umekimbilia nyuma.

Katika barabara tambarare kilo 46 zinaweza kuwafikisha salama wakienda polepole. Taabu huanza kwenye mwinuko. Pikipiki inapoelekea juu, uzito ulio juu yake huegemea nyuma, na kadiri mzigo ulivyopakiwa juu ndivyo unavyoegemea zaidi. Kwenye ukingo unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 za mwendo, mwinuko ambao si wa ajabu kwenye kingo za mto, pikipiki hiyo ya mfano hupoteza takriban kilo 46 nyingine kutoka mbele. Kilichobaki ni sufuri. Gurudumu linagusa ardhi lakini haliikanyagi.

Ni hapo ambapo mhudumu, akihofia injini kuzima katikati ya ukingo, huvuta mafuta.

Hilo ndilo kosa linalomaliza kazi. Injini huzungusha gurudumu la nyuma, gurudumu hilo husukuma ardhi, na pikipiki huruka mbele. Lakini mzigo ulio juu ni mzito na haupendi kushtuliwa. Hubaki nyuma kwa nukta kadhaa, na pikipiki ikajipinda kuuzunguka mhimili wake wa nyuma. Klachi ikiachiliwa kwa ghafla katika gia ya kwanza, hata pikipiki ya injini ndogo ina nguvu za kutosha kuinua pua yake. Kwenye mwinuko wa nusu ya ule uliotajwa, ambapo gurudumu la mbele lingali na kilo 20 na ushei, mruko mdogo tu unatosha kuzimaliza.

Mabonde ya Tana yana hila zake katika suala hili. Mgeni akiiona Tana River kutoka barabara kuu huiona nchi tambarare kabisa na kushangaa gurudumu linainukia wapi. Ukweli ni kwamba mto huo, ambao ndio mrefu zaidi nchini, umejijengea kingo za udongo kwa kumwaga matope ya mafuriko mwaka baada ya mwaka. Vijiji vingi vimejengwa juu ya kingo hizo zilizoinuka, na mashamba yako mabondeni. Vijito vilivyohama huacha mifereji mikavu ambayo njia huiteremka na kuipanda papo hapo. Miinuko yenyewe ni mifupi, pengine mita chache tu, lakini ni mikali, na pikipiki huifikia kabla mhudumu hajapata nafasi ya kujiandaa.

Kuna pia mchanga. Wahudumu waliozoea njia za mchanga hupenda gurudumu la mbele liwe jepesi kiasi ili lisizame, na katika hilo wana haki. Gurudumu zito mbele huchimba mtaro na kuiangusha pikipiki. Lakini kati ya wepesi unaofaa na wepesi unaoondoa usukani mikononi kuna nafasi finyu sana, na gunia moja lililosogezwa nyuma kiganja kimoja huivuka. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mabondeni huteleza kama sabuni, na gurudumu lisilo na uzito huteleza kando kabla hata ya kuinuka. Ajali nyingi za namna hii hazimpindui mtu chali; pikipiki hulala ubavu, na bomba la moshi likamchoma abiria mguu.

Mafundi wa jua kali wana sehemu yao katika kisa hiki. Keria inayokuja na pikipiki kutoka kiwandani ni fupi na nyembamba, kwa sababu walioiunda walifikiria watu wawili na mzigo mdogo. Soko la mashambani linataka zaidi. Kwa hivyo keria huchomelewa nyingine ndefu ya vyuma vya nondo, inayotokeza nyuma kabisa ya tairi, na springi za nyuma huongezewa nguvu zisikalie chini. Kazi yenyewe huwa imara na ya kupendeza. Lakini urefu huo wa nyuma ndio mkono wa wenzo, na keria iliyoongezwa sentimita 20 hulifanya gunia lile lile liinue kwa nguvu zaidi bila kuongezwa punje moja ya mahindi.

Mfano wa kinyume chake upo Goma, mashariki mwa Congo, ambako wachukuzi hutumia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na kisicho na injini. Chukudu hubeba magunia ya viazi na makaa yenye uzito wa mamia ya kilo, na ni maarufu kiasi kwamba imejengewa sanamu mjini humo. Siri yake ni ubao wa kupakilia, ambao uko chini karibu na ardhi, katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Wachongaji wake hawakuhitaji hesabu za darasani kujua mahali pa mzigo.

Sheria ya Kenya, kwa upande wake, imelitazama zaidi suala la idadi ya watu. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza pikipiki ya magurudumu mawili kubeba zaidi ya mtu mmoja mbali na dereva, na kinataka mtu huyo aketi kwa kupanua miguu kila upande, kwenye kiti kilichofungwa imara nyuma ya dereva. Marekebisho ya mwaka wa 2012 yaliongeza sharti la helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga kwa dereva na abiria.

Sharti la kuketi kwa kupanua miguu hupuuzwa sana na akina mama wanaovaa leso na mabuibui, nao wana sababu zao za heshima. Lakini aliyeketi upande hana pa kukazia magoti. Gurudumu la mbele linapoinuka, hawezi kuinamia mbele; mwili wake huvutwa kando na nyuma kwa pamoja, na mkono wake hudaka kilicho karibu, ambacho aghalabu ni shati la mhudumu. Mhudumu anayevutwa nyuma kwa shati huku ameshika usukani huvuta mafuta zaidi bila kukusudia. Hivyo ndivyo kosa dogo linavyogeuka kuwa mwanguko.

Hata hivyo, kuhesabu abiria pekee hakutoshi. Abiria wa pili aliyejibana mwishoni mwa kiti, sentimita 20 nyuma ya ekseli, huondoa takriban kilo 10 kutoka gurudumu la mbele. Gunia la kilo 90 kwenye keria huondoa mara tatu ya hizo. Kubeba abiria wawili ni hatari kwa sababu nyingine nyingi na sheria haikukosea kukukataza. Lakini mhudumu mwenye abiria mmoja na gunia moja anaweza kuwa ametimiza sharti la idadi, akavuka kizuizi cha polisi bila swali, na bado akawa ndiye mwenye pikipiki iliyo tayari zaidi kusimama wima.

Wahudumu wenyewe wamebuni dawa moja ambayo kila msafiri ameiona: kuketi juu ya tangi. Mhudumu anayesogea mbele hadi kwenye tangi la mafuta huongeza zaidi ya kilo 10 kwenye gurudumu la mbele. Kwa mizani pekee, amefanya jambo la busara. Ubaya ni kwamba magoti yake sasa yanagongana na usukani, mguu hauifikii vyema breki ya nyuma, na mafuta yakimwagika kutoka kwenye kifuniko kibovu humlowesha yeye. Wengine hulaza mzigo mdogo kwenye tangi kwa nia hiyo hiyo, nao huzuia usukani kugeuka kikamilifu.

Maji ni mzigo wa aina yake. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na minne iliyoning'inizwa nyuma ni kilo 80. Ikiwa imejaa hadi mdomoni, hutulia. Ikiwa nusu, maji hukimbilia nyuma pikipiki inapopanda, yaani wakati ule ule ambapo mzigo haupaswi kusogea. Wauza maziwa wanaosafiri na mitungi isiyojaa hukutana na taabu hiyo mara kwa mara.

Kabla gurudumu halijainuka huwa na dalili. Usukani huwa mwepesi mno mikononi na pikipiki huchelewa kukubali kona. Usiku, taa ya mbele huacha kumulika njia na kumulika matawi ya miembe, kwa sababu pua yote imeelekea juu. Hiyo ni dalili ambayo hata abiria anaweza kuitambua bila kuambiwa. Pikipiki ambayo taa yake inaangaza miti ikiwa bado kwenye tambarare haipaswi kupelekwa kwenye mwinuko ilivyo.

Likiinuka likiwa tayari barabarani, cha kufanya ni kukata mafuta, kuminya klachi na kukanyaga breki ya nyuma taratibu. Breki ya nyuma hulirudisha gurudumu la mbele chini. Ile ya mbele haisaidii lolote gurudumu likiwa hewani, na likitua huku limefungwa humwangusha mtu. Usukani lazima uwe umenyooka wakati wa kutua. Abiria naye anapaswa kuinamia mbele na kumshika mhudumu kiunoni wala si begani.

Inafaa kutaja pia vijana wanaoinua gurudumu la mbele kwa makusudi katika misafara ya siasa na ya harusi, pengine wakiwa na abiria aliyebeba bendera. Hao wanafahamu kwa mikono kila kilichoelezwa hapa, na ndiyo maana hufaulu kwa kuvuta mafuta na kuegemea nyuma tu. Bali aliyejifunzia mchezo huo kwenye pikipiki tupu hajajifunza jinsi ile yenye mzigo inavyoitika. Yenye mzigo huinuka upesi zaidi, na hairudi kwa haraka.

Upakiaji mwema hauhitaji gharama kubwa. Gunia moja la kilo 90 likigawanywa mara mbili na kuning'inizwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, chini na mbele kadiri miguu ya abiria inavyoruhusu, halinyanyui tena, na halipandi juu kama mnara. Likishindikana kugawanywa, safari mbili ndizo jibu. Ugumu ni kwamba safari mbili ni nauli mbili, na mkulima ambaye bei ya maembe yake imeanguka hatalipa mara mbili kwa hiari. Wahudumu wa steji moja wakikubaliana bei ya mzigo na ya mtu kila mmoja peke yake, hakuna atakayenyang'anywa mteja na mwenzake anayekubali kubeba vyote kwa pamoja. Bila makubaliano hayo, mwenye tahadhari ndiye hulala njaa.

Na kwa ukingo wenyewe ipo njia nyepesi, ingawa wengi huifanya nusu. Desturi ni mhudumu kumwomba mama ashuke na kupanda kwa miguu huku gunia likibaki kwenye keria. Mama anaepuka kuanguka, na hilo si dogo. Lakini katika pikipiki ile ya mfano, kushuka kwake huliachia gurudumu la mbele kilo 6 hivi tu katika mwinuko ule wa mita 1 kwa 5, kwa sababu yeye alikuwa ameketi karibu na ekseli na hakuwa ndiye mwenye kulinyanyua. Gunia likifunguliwa na kusogezwa mbele hadi kwenye kiti alichokalia, gurudumu hilo hubaki na zaidi ya kilo 40 hadi juu ya ukingo. Hapo pikipiki husimamishwa, gunia hurudishwa mahali pake na kukazwa upya, na mama akapanda kuendelea na safari kwenye tambarare.